Trekta Kongwe la Shamba Letu Lisiuzwe

Ndugu zangu, siku ya Idi, barazani hapa Bahla, vijana wetu walikata shauri: Massey Ferguson 135 la marehemu kaka yangu liuzwe kwa bei ya chuma, na kila nyumba ichange tununue trekta la nguvu farasi 90. Hoja yao ni moja tu, kuwa 45 ni nusu ya 90. Mimi niliyesomesha hesabu miaka mingi nasema hesabu hiyo haikukamilika.

Nguvu farasi moja ni kuvuta kilo 75 kwa mwendo wa mita moja kila sekunde. Tuseme katika zile 45, 30 zinafika kwenye plau. Ukienda mita mbili kwa sekunde, yaani kilomita saba na ushei kwa saa, mvuto ni kilo 1,125. Teremsha gia mpaka mita moja, mvuto unakuwa 2,250. Lakini trekta lenyewe ni kiasi cha tani moja na nusu! Matairi yatazunguka pale pale kabla injini haijachoka. Basi kinachovuta ni uzito ulioko juu ya magurudumu ya nyuma, pamoja na gia uliyoichagua. Harry Ferguson aliyajua haya, ndipo akaifunga plau kwa haidroliki ili mzigo wake uyakandamize magurudumu hayo. TE20 lake, lililoundwa 1946 hadi 1956, lilikuwa na gia nne za mbele. Hili letu lina sita, na mbili za kurudi nyuma. (Wachukuzi wa magari ya ng'ombe kule Unguja hawakusoma haya, lakini hakuna aliyekimbiza ng'ombe mlimani.)

Ukubwa peke yake tuliuona Kongwa. Mradi wa karanga wa 1947 uliletewa hata vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa matrekta; ardhi ikikauka haikulimika, na 1951 mradi ukaachwa.

Na shamba letu ni majaruba madogo baina ya mitende. Trekta pana litabomoa kingo za mfereji, na zamu ya maji ya falaji haimngojei mtu. Atakayekosa ni jirani wa chini, ambaye ni shemeji yetu.

Nakubali klachi imekwisha na moshi ni mwingi. Mimi mchango wangu nautoa, lakini kwa klachi na matairi mawili ya nyuma. Fundi keshaliona trekta, anangoja jibu letu.