Mapenzi ya Kikristo yaandikwe yakiwa na dagaa ndani

Mzazi akikuta hadithi ya mapenzi kwenye daftari la bintiye, swali la kwanza huwa, "Huyu kijana ni nani?" Hapo hadithi inafia, na binti anajifunza kuficha. Ni heri aulizwe kwa nini mchumba wa kwenye hadithi hakurudi, au mama yake alisemaje.

Kigoma si mahali pageni kwa kazi hii. Ben Mtobwa, aliyewakesha wasomaji wa miaka ya 1980 kwa riwaya zake, alizaliwa Kasulu mwaka 1958. Vitabu vyake havikuwa vya kanisani hata kidogo, lakini hakuishia kuandika tu. Alianzisha kampuni yake ya uchapishaji, Heko.

Anayetaka kuandika mapenzi ya Kikristo, awe msichana wa kidato cha nne au mama wa kikoba pale Mwanga, mara nyingi hukwama mahali pamoja. Ikifika sura ya tatu, wapenzi wanaacha kupendana na kuanza kuhubiriana. Msomaji anaweka simu chini. Kitabu cha Ruthu kina sura 4 tu, na hakuna anayepanda mimbarani humo. Kuna mjane mgeni, njaa, mavuno ya shayiri, mama mkwe mwenye mipango yake, na ndugu wa karibu aliyekuwa na haki kumtangulia Boazi. Imani inaonekana kwa wanayoyatenda.

Ziwa Tanganyika limejaa mambo ya namna hiyo. Wavuvi wa dagaa hufuata giza; mwezi ukiwa mkubwa, taa hazivuti samaki na mitumbwi hukaa ufukweni. Kwa hiyo kijana wa Kibirizi anapata nafasi ya kumwona mchumba siku zile zile asizokuwa na hela. Mwaka 2024 uvuvi ziwani ulisimamishwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15. Mahari imeshapangwa, kanisani wanasubiri kutangaza ndoa, na mfuko umekauka. Hapo pana riwaya nzima, tena bila mtu mbaya hata mmoja.

Ujiji nako kuna Waislamu wengi, na mwandishi asijifanye haoni. Mkristo akimpenda jirani Mwislamu, wazazi wa pande zote mbili wapewe hoja zenye uzito. Kumfanya mzee wa upande wa pili kuwa zimwi ni uvivu, na majirani nao wanasoma.

Wengine huogopa kugusa dhambi kabisa. Mmarekani Francine Rivers alichukua habari ya Hosea na Gomeri akaitungia riwaya mwaka 1991, Redeeming Love, ambayo mwanamke wake mkuu ni kahaba. Inasomwa makanisani hadi leo. Mlango wa chumba unaweza kufungwa kabla msomaji hajaingia. Maumivu yasifungiwe humo.

Kinachoumiza familia zaidi ni fedha. Mtu anakopa kikoba, anachapa nakala 500, kisha maboksi yanalala chini ya kitanda na marejesho yanadaiwa kila wiki. Aanze kwa kuwapa wasomaji watano mswada, angalau mmoja asiwe wa kanisa lake. Akipenda, auze hadithi kwa sehemu kwenye WhatsApp na kulipwa kwa simu, kama wafanyavyo waandishi wengi nchini. Wakianza kumuuliza sehemu inayofuata inatoka lini, ndipo aulize bei ya kuchapa nakala 50.

Anayemdai mwandishi fedha ili atoe kitabu anauza huduma ya kuchapa, na alinganishwe bei na wengine wa kazi hiyo. Mchapishaji wa kweli hugharamia kitabu, kisha humlipa mwandishi mrabaha. Mkataba usomwe kabla ya kutia saini, hasa pale panapotaja haki na miaka. Sheria ya hakimiliki ya 1999 inailinda kazi tangu inapoandikwa, ila kuisajili COSOTA kunasaidia ukitokea ubishi. Namba ya ISBN hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba.

Na kwa mswada wa riwaya uliokamilika, ipo Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania. Zawadi zake za kwanza zilitolewa Aprili 2023.