Hotuba zisikilizwe darasani kabla hazijafika mahakamani

Wahenga wetu walisema maneno makali hayavunji mfupa. Bonde la Ufa limetuonyesha kwamba methali hiyo ina mipaka yake. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, Nakuru, Naivasha na Molo zilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoumia sana. Tume ya Jaji Philip Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa kote nchini, na ikataja matamshi ya wanasiasa na baadhi ya redio za lugha za mama kuwa sehemu ya uchochezi.

Miaka 14 baadaye, neno moja tu liliamsha kumbukumbu hizo. Mnamo Januari 8, 2022, Mithika Linturi, wakati huo Seneta wa Meru, alitamka "madoadoa" katika mkutano wa kisiasa Eldoret. Video ikasambaa, akakamatwa na kufikishwa katika mahakama ya Nakuru. Aliomba msamaha na kusema hakulenga kabila lolote. Lakini kwa familia iliyowahi kuchomewa nyumba katika ghasia za miaka ya tisini, neno hilo lilikuwa na historia yake.

Wanafunzi waliiona video ile kwenye simu. Nani aliwasaidia kuielewa?

Kusikiliza na kuzungumza kumo katika mtaala wa Kiswahili. Hata hivyo, mwalimu wengi wao huogopa kuambiwa wanaleta siasa darasani, na hofu hiyo ina msingi. Nakuru ni mji wa makabila mengi. Kwenye dawati moja anaweza kukaa mtoto wa familia iliyofukuzwa na mtoto wa familia inayolaumiwa.

Ndiyo maana ni busara kuanza na hotuba ya zamani. Mnamo Agosti 12, 1963, Jomo Kenyatta alizungumza na mamia ya walowezi wa Kizungu pale Nakuru, miezi minne kabla ya uhuru. Wengi walikuwa wakijiuliza kama wauze mashamba waondoke. Aliwaomba wasameheane, wasahau yaliyopita, wabaki na kulima. Mwalimu akikosa sauti yake, maneno yake yamechapishwa vitabuni.

Hapo wanafunzi waulizwe: ukumbini walikuwamo nani? Nani hakuwamo? Maskwota na wapiganaji wa Mau Mau waliotarajia ardhi wangeisikiaje ahadi hiyo? Hotuba ya amani nayo ina wasiokaribishwa, na suala la ardhi lililoachwa siku zile ndilo lililorudi na moto baadaye.

Darasa likishazoea, ndipo lisikilize hotuba za leo, mara tatu. Mara ya kwanza bila kalamu, tangu mwanzo hadi mwisho, kwa sababu kipande cha sekunde 30 si hotuba. Mara ya pili waandike maneno yaliyotamkwa, mbali na yale wanayodhani yalikusudiwa. Mara ya tatu wawasikilize waliohudhuria: wanashangilia wapi, wananyamaza wapi? Kisha wachunguze rekodi imetoka wapi, maana siku hizi akili mnemba inaweza kuiga sauti ya mtu yeyote. Na sharti moja lisivunjwe: mwanafunzi asiulizwe kujibu kwa niaba ya kabila lake.

Wapo watakaosema hayo ni ya bara, sisi Wapwani yanatuhusu nini? Aprili 2022, Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa (NCIC) ilipotoa orodha ya maneno ya chuki, "madoadoa" lilikuwamo. Na usemi "wabara waende kwao" pia ulikuwamo. Waliokuwa Likoni Agosti 1997 hawahitaji kuelezwa usemi kama huo unaweza kufika wapi.

Kupiga marufuku neno ni rahisi, lakini mwanasiasa atatafuta jingine kabla ya jua kutua. Asichoweza kukwepa ni msikilizaji anayejua kuuliza: unasema na nani, unamsema nani, na unataka tufanye nini?

Baadhi ya walio madarasani leo, Nakuru na Mombasa, watapiga kura yao ya kwanza Agosti 2027. Majukwaa yataanza kunguruma mapema. Walimu na wazazi tuwape vijana zoezi hilo sasa, wakiwa bado na mahali salama pa kubishana.