Mashini ni ya Aliyeinunua: Tamko la Mafundi na Wachapaji wa Mokambo

Sisi wanachama wa chama cha mafundi wa kompyuta na wenye vibanda vya kuchapa na kunakili hapa Mokambo tunatoa tamko hili kwa wateja wetu, kwa wauzaji wa mashini wa Lubumbashi na wa ng'ambo ya mpaka, Mufulira na Kitwe, na kwa wakubwa wa ofisi zinazopokea hati tunazochapa. Tunasema hadharani: mtu aliyetoa pesa zake kununua kompyuta ndiye mwenye haki ya kuamua programu gani ikae ndani yake, ipi iamke mashini inapowashwa, na ipi iguse mega zake za mtandao.

Katika mji wa mpakani jambo hili ni zito. Lori likisimama kizuizini, deklaranti wa duane anataka fakture na hati za mzigo saa ileile, na mashini inayosuasua inamcheleweshea dereva safari. Mega tunanunua kidogo kidogo, kwa faranga au kwa kwacha. Programu inayozila bila kuulizwa inakula pesa ya mtu. Wengi wenu mmekuja vibandani mkilalamika kwamba mega za wiki nzima zimekwisha asubuhi moja. Tukifungua mashini tunakuta masasisho yanashuka, picha za harusi zinapanda mtandaoni, na kinga ya virusi ya majaribio, ambayo muda wake ulikwisha zamani, inadai malipo. Hakuna hata moja ambayo mwenye mashini aliiomba.

Mzozo huu una umri. Mwaka 1998 serikali ya Marekani iliishtaki Microsoft, na kuunganishwa kwa Internet Explorer na Windows kulikuwa kiini cha kesi. Mwaka 2004 Tume ya Ulaya iliitoza kampuni hiyo faini ya euro milioni 497, na moja ya makosa lilikuwa kufungamanisha Windows Media Player na Windows. Mwaka 2013 ikaitoza tena euro milioni 561, kwa sababu dirisha la kuchagua kivinjari, ambalo Microsoft iliahidi kuwaonyesha watumiaji, lilikuwa limetoweka kwenye toleo la Windows 7. Tangu mwaka 2024, kwa nguvu ya sheria ya Ulaya ya masoko ya kidijitali, mkaaji wa Brussels anaweza kuiondoa Edge, kivinjari cha Microsoft, kabisa kwenye kompyuta yake. Mkaaji wa Mokambo mwenye mashini ya aina ileile hapewi nafasi hiyo. Hili tunalipinga kwa moyo wote. Ufundi wa kuiondoa Edge umekwisha kuandikwa na unafanya kazi. Kilichowafikishia Wazungu nafasi hiyo ni sheria yao, nasi tunawaomba wabunge wetu na mamlaka za mawasiliano mjini Kinshasa waidai haki hiyohiyo kwa ajili yetu.

Wakati tunasubiri, kazi lazima iendelee. Chama kimekubaliana kutumia kwanza njia zilizomo ndani ya mipangilio ya mashini, kwa kuwa hila za pembeni hazidumu. Programu ndogo iitwayo EdgeDeflector, iliyotengenezwa na Daniel Aleksandersen mwaka 2017, iliwasaidia watu wengi kufungua viungo vya Windows katika kivinjari walichokichagua wenyewe; mwishoni mwa mwaka 2021 Microsoft iliiziba njia hiyo. Kwa hiyo pale Edge isipoondoka, tutaiacha ilale: tutaweka kivinjari cha mteja kuwa cha kwanza, na kuizuia Edge isiamke pamoja na mashini wala kubaki ikifanya kazi chinichini.

Kuhusu OneDrive, hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft, tunawaonya mafundi wenzetu, hasa vijana. Uhifadhi wake ukiwashwa, makabrasha ya eneo-kazi, hati na picha huhamia ndani yake, na nafasi ya bure ni gigabaiti 5 tu. Faili nyingine huonekana kwa jina, kumbe zenyewe ziko mtandaoni. Fundi mwenye haraka akiing'oa programu mahali pasipo na mtandao, mteja hazioni hati zake na anadhani amepoteza kazi yote. Utaratibu wetu ni huu: shusha faili zote kwanza, simamisha uhifadhi, hakikisha kila kabrasha limerudi mahali pake na faili zinafunguka mtandao ukiwa umezimwa, ndipo utenganishe akaunti, na kuiondoa programu kuje mwisho kabisa. Mwenye mashini akae pembeni aone. Akisema anaitaka ibaki, ibaki.

Mtandao wa simu uandikishwe ndani ya Windows kuwa ni wa kupimiwa. Mashini za Kifaransa huuita « connexion limitée ». Hatua hii peke yake inazuia sehemu kubwa ya ulaji wa mega. Lakini masasisho ya usalama nayo yanaweza kuchelewa, kwa hiyo wanachama wenye mtandao wa kutosha watawapokea wateja wanaotaka kusasisha.

Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na mashini nyingi za mitumba, zenye vichakataji vya Intel vya kabla ya kizazi cha 8, hazikubaliwi rasmi na Windows 11. Kwa hizo tunapendekeza mfumo wa bure wa Linux Mint pamoja na programu za ofisi za LibreOffice, baada ya kujaribu printa na skana ya mteja. Deklaranti ambaye programu ya kazi yake inadai Windows asisukumwe. Wala tusidanganye kwamba upande wa Linux ni safi tangu mwanzo: Ubuntu, ambayo nayo ni aina ya Linux, mwaka 2012 ilianza kuonyesha bidhaa za Amazon ndani ya utafutaji wa kompyuta, na lawama za watumiaji zilikuwa kali.

Mwanachama hatatumia funguo za wizi wala visafishaji visivyojulikana vilikotoka. Bei atataja kabla ya kugusa mashini, na kila alichokiondoa au kukizima atakiandika kwenye karatasi ambayo mteja ataondoka nayo.

Wauzaji tunawaomba mumwambie mnunuzi ni programu zipi zimo, na mumpe lugha anayoisoma, kwani mashini nyingi zinaingia kwa Kiingereza mikononi mwa watu waliosoma kwa Kifaransa. Ofisi tunaziomba zipokee PDF na hati za LibreOffice bila kumrudisha mtu nyumbani kwa kukosa programu ya kulipia.

Tamko hili litabandikwa kwa Kiswahili na Kifaransa kwenye mlango wa kila kibanda cha mwanachama. Mteja ambaye mashini yake imeguswa bila ruhusa yake alete malalamiko kwa kamati ya chama, na karatasi ya fundi aje nayo.