"KADUKULIWA" WAPI? FOLDA MMEIACHA WAZI WENYEWE!

Kuanzia Somanda, Malambo, Maswa, Lamadi, Mwanhuzi, mpaka nyie watoto wa Simiyu mnaotusoma mkiwa kwenye foleni Dar. Leo hakuna habari ya nani kamwacha nani. Leo nina hasira, vumilieni.

Yule mdada mwenye jina lake hapa mjini, simtaji, mnamjua. Picha za kitchen party yake zimezunguka kwenye magrupu mpaka zikamfikia baba mkwe. Mji mzima unasema "kadukuliwa". Jamani, kadukuliwa na nani? Mpiga picha aliweka albamu nzima Google Drive, akachagua ile sehemu ya "yeyote aliye na kiungo", akatupia linki kwenye grupu la kamati. Mwanakamati mmoja akamtumia shoga yake, shoga akamtumia mwingine. Basi. Hakuna mdukuzi hapo wala nini. Mlango uliachwa wazi, watu wakaingia.

Halafu mnamcheka yeye! Yeye kosa lake nini? Alilipa hela yake apigwe picha. Wa kuulizwa ni aliyekabidhiwa zile picha akashindwa kuzifunga.

Tuelewane hapa. Ukiweka "yeyote aliye na kiungo", linki haiulizi wewe nani. Haitaki nywila, haitaki hata uwe na akaunti. Nawajua watakaosema "linki yenyewe ndefu, nani ataibahatisha?" Ndugu yangu, linki haibahatishwi, inatumwa! Na kwa grupu la kamati lenye watu 150, ambao nusu yao hata bi harusi hawajui, hiyo sio siri, hilo ni tangazo.

Kuna jambo la pili ambalo wengi hawalijui. Ukifungua folda kwa kila mtu, kila utakachokiweka humo kesho nacho kinazaliwa kikiwa wazi. Leo umeweka picha za ukumbi, kesho ukaweka mikataba na vitambulisho vya wateja. Mwenye linki ya jana anaviona vyote.

Na mkidhani ni picha za sherehe tu, nendeni steshenari msimu wa ajira au mikopo ya chuo. Vijana wamepanga foleni, mkononi wana NIDA, cheti cha kuzaliwa, cheti cha form four. Vinaskaniwa vyote. Vikishatumwa, vinakaa wapi? Nani anavifuta? Hakuna anayeuliza. Kuna "waandaaji" wengine wanaowaita wadada kwenye usaili wa video au urembo, fomu inadai kitambulisho, umri, namba ya simu na picha ya mwili mzima. Majibu ya watu wote yanakaa kwenye jedwali moja, na kila anayesaidia kuandaa ana linki.

Tapeli anayekupigia akisema "tuma ile hela kwenye namba hii" unamcheka. Sasa subiri akupigie wa kukutajia majina yako matatu, tarehe ya kuzaliwa, jina la mama yako na shule uliyosoma. Hapo utacheka?

Msiseme huu ni ushamba wa Bariadi. Julai 2025 huko Marekani kuna apu ya wanawake inaitwa Tea, ya kuonyana kuhusu wanaume. Ili ujiunge ilikuwa lazima utume selfi, na wengine walituma vitambulisho. Ghala lao la zamani la mtandaoni likawa halijalindwa. Picha kama 72,000 zikatoka nje, na 13,000 hivi kati ya hizo zilikuwa selfi na vitambulisho. Wanawake walioingia kutafuta usalama wakaanikwa. Amazon wenyewe, wenye maghala makubwa ya mtandaoni, tangu Aprili 2023 wameamua kila ghala jipya lianze likiwa limefungwa, mwenye kutaka kulifungua alifungue kwa makusudi. Hiyo ndiyo akili: anza na kufunga.

Na sheria ipo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa 2022, ikaanza kutumika Mei 1, 2023, na Tume yake Rais Samia aliizindua Aprili 2024. Picha yako na namba yako vina mwenyewe, na mwenyewe ni wewe. Jirani zetu Kenya hawana utani: Septemba 2023 klabu ya Casa Vera ya Nairobi ilipigwa faini ya Sh 1,850,000 za kwao kwa kuposti picha ya mteja bila ridhaa yake.

Kwa hiyo wapiga picha, maMC, makatibu wa kamati na wenye steshenari, nawaambia hivi:

Weka barua pepe ya mhusika, yeye peke yake ndiye afungue. Kila mwenye simu ya Android karibu wote wana Gmail, acheni visingizio.

Kama lazima utume linki, akishapakua ifunge. Siku hiyo hiyo.

Vitambulisho visikae folda moja na kitu kingine. Kazi ikiisha, futa, na kwenye pipa la taka pia futa.

Jipime mwenyewe: fungua linki yako kwenye hali fiche ya Chrome bila kuingia akaunti. Ikifunguka, dunia nzima inaweza kuiona.

Na wewe mteja, kabla hujalipa, uliza: "Picha zangu utaziweka wapi, na nani ataziona?" Akinuna, tafuta mwingine. Leo leo piga *106# uangalie laini zilizosajiliwa kwa NIDA yako. Meseji za matapeli, itume namba yao 15040.

Mdada wetu hawezi kuzirudisha zile picha. Ila folda yako unaweza kuifunga sasa hivi, kabla hujaja kwenye komenti kunitukana.

Haya, komenti ziko wazi. Wapiga picha mnaojitetea, karibuni, nawasubiri.