Rufaa si Dawa ya Uzembe

Kila mara korti hapa Tanzania inapomwachilia mtu aliyeshtakiwa kwa kukutwa na bhangi au unga, manung'uniko huzagaa mitaani kwamba hakimu amekula mlungula. Kisha husikika kuwa Jamhuri inakata rufaa, na watu hutulia, kana kwamba rufaa ndiyo adhabu yenyewe. Sisi hatuna huruma na wauza unga. Tumewaona vijana wetu wakisinzia vijiweni mchana kweupe. Lakini jambo hili lataka kusemwa waziwazi.

Haki ya Jamhuri kukata rufaa ipo, nasi twaiunga mkono. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai yampa Mkurugenzi wa Mashtaka siku 30 za kutoa taarifa ya kusudio lake, na siku 45 za kuleta hati ya rufaa. Hakimu ni binadamu. Aweza kukosea sheria, au kumkataa shahidi mkweli pasipo sababu. Hapo Jamhuri ikinyamaza itakuwa imewatupa wananchi.

Walakini kesi nyingi tunazozisikia sisi huharibika mapema zaidi, siku ile ile ya upekuzi. Mahakama ya Rufani ilikwisha kueleza mwaka 2009 kwamba kielelezo sharti kiwe na maandishi ya mfululizo: nani alikikamata, nani alikitunza, nani alikipokea, mpaka kupimwa na kufikishwa kortini. Kwa dawa za kulevya neno hili ni zito kuliko kwa pikipiki ya wizi. Pikipiki ina namba yake. Mfuko wa unga hauna. Ukilala usiku mmoja katika droo isiyojulikana ni ya nani, nani ataapa kuwa uliofika kwa Mkemia Mkuu wa Serikali ni ule ule? Na Katiba yetu, ibara ya 13, yakataza mshtakiwa kutendewa kama mkosaji kabla hatia haijathibitika.

Mahakama ya juu husoma yaliyoandikwa chini. Wakili wa Serikali, hata awe hodari namna gani, hawezi kuandika leo stakabadhi ambayo askari hakuiandika siku ile sebuleni. Na huku yule aliyeachiliwa anaishi roho juu, maana siku za kungoja nakala ya mwenendo na hukumu hazihesabiwi katika zile 45. Kama hana kosa, anaumizwa mara ya pili. Kama analo, huenda amekwisha hama.

Nasi tuna sehemu yetu. Wanaogongewa mlango usiku ili washuhudie upekuzi mara nyingi ni mabalozi wa nyumba kumi na wenyeviti wa mitaa, wengi wao wanachama wenzetu. Ndugu, ukiitwa, nenda. Ingia pamoja na askari, usikubali kuletwa mambo yakiwa yamekwisha. Ona kwa macho yako kitu kilikotoka. Soma hati ya upekuzi kabla ya kutia sahihi, wala usitie sahihi karatasi tupu hata ukiambiwa gari linangoja. Siku ya kesi ufike, useme uliyoyaona tu.

Serikali nayo twaitaka iweke katika kila kituo kabati la vielelezo lenye kufuli na daftari lake, na iwalipe mashahidi nauli zao siku ile ile wanapotoka kizimbani.