Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Upelelezi wa Jinai: Aliyeachiliwa na mahakama aachiliwe na jalada pia

Kwa Mkurugenzi,
Idara ya Upelelezi wa Jinai (DCI),
Nairobi.

Mheshimiwa Mkurugenzi,

KUH: KUSAHIHISHWA KWA REKODI ZA JINAI KATIKA CHETI CHA TABIA NJEMA

Nakuandikia kuhusu cheti kinachotolewa na ofisi yako, ambacho siku hizi riziki za watu wengi zimefungwa nacho. Mwalimu hasajiliwi na Tume ya Huduma za Walimu (TSC) bila cheti hicho. Dereva wa matatu hapati beji, bawabu wa kampuni ya ulinzi haandikwi, na anayetafuta kazi Saudia au Qatar hudaiwa na wakala miongoni mwa karatasi za mwanzo kabisa. Sina ugomvi na cheti chenyewe. Mzazi ana haki ya kujua mtoto wake anafundishwa na nani, na mwenye ghala ana haki ya kujua funguo anamwachia nani. Kilio changu ni cha yule ambaye mahakama imemwachilia huru, naye akaendelea kushikiliwa na jalada.

Wewe unaijua kazi ya kutoa cheti hiki kuliko mimi, lakini niruhusu niieleze kwa ajili ya wasomaji wengine. Mwombaji hujaza maombi kwenye eCitizen, hulipa ada, huchapisha fomu ya C24 na kwenda nayo Huduma Centre. Pale afisa humshika kidole kimoja kimoja, akakiviringisha kwenye wino, kisha akakiviringisha tena katika kisanduku chake kwenye fomu. Baada ya hapo vidole vinne vya kila mkono hubandikwa kwa pamoja. Mtu hutoka na mikono myeusi, anatafuta maji. Alama zile hulinganishwa na alama mlizozihifadhi, na hizo mlizozihifadhi mara nyingi zilichukuliwa mtu alipokuwa bado mikononi mwa polisi, kabla hakimu hajasikia hata shahidi mmoja.

Hapo ndipo kosa linapozaliwa. Habari ya kukamatwa huingia kwenye rekodi mapema. Habari ya kesi ilivyokwisha hungoja mtu wa kuipeleka, na asipopatikana wa kuipeleka, rekodi inabaki pale pale ilipoachwa: fulani alishtakiwa, kesi ingali mahakamani.

Tumchukue kijana dereva wa Likoni, aliyekamatwa miaka sita iliyopita katika msako wa usiku akashtakiwa kwa wizi. Mlalamishi hakufika kortini mara ya kwanza, hakufika mara ya pili, na mwisho upande wa mashtaka ukaiondoa kesi chini ya kifungu cha 87(a) cha Sheria ya Taratibu za Kesi za Jinai. Hakimu akamwambia aende nyumbani. Kijana huyu hakupewa karatasi yoyote, wala hakujua kwamba alipaswa kuiomba. Alichokisikia ni neno la hakimu, na kwa raia wa kawaida neno la hakimu ndilo la mwisho. Leo anaomba kazi, na cheti kinarudi kikiwa na kesi asiyokuwa nayo.

Sasa aanze kujisafisha. Inambidi akumbuke nambari ya kesi. Aende masjala ya mahakama, amwombe karani amtafutie faili ya zamani, pengine imeshapelekwa stoo. Alipie nakala iliyothibitishwa ya uamuzi. Aipeleke katika kituo cha polisi alichokamatwa, ambako waliomkamata wameshahamishwa, na mkuu wa kituo aandike barua kwenda makao makuu. Barua ikikwama, asafiri mwenyewe hadi Nairobi. Nauli ya treni, daraja la kawaida, kutoka Mombasa ni Sh1,500 kwenda tu, nayo inazidi ada ya cheti alichokuja kukiomba. Wakati huo mwajiri hamngoji. Nafasi ilikuwa moja na waombaji ni wengi.

Nimekitaja kifungu cha 87(a) kwa makusudi, kwa sababu kina utata wake. Kuondolewa kesi kwa kifungu hicho hakumzuii mtu kushtakiwa tena kwa jambo lilelile, na najua wapo maafisa wanaoona kuwa rekodi iendelee kukaa kwa tahadhari. Lakini tahadhari isiyo na kikomo ni adhabu. Kama hakuna mashtaka mapya, mtu huyo hana kesi mahakamani, na cheti kinachosema anayo kinasema uongo. Walioachiliwa kwa kifungu cha 202 baada ya mlalamishi kutofika, cha 210 baada ya kuonekana hawana kesi ya kujibu, au cha 215 baada ya kesi kusikilizwa hadi mwisho, hao hawana hata utata huo. Wameonekana hawana hatia. Hapana la kuongeza.

Pwani tuna shida yetu nyingine, ya majina. Mtoto hupewa jina lake, la babake na la babu yake, na majina yenyewe si mengi. Katika mtaa mmoja wa Mji wa Kale unaweza kuwapata kina Mohamed Ali Mohamed watatu, kila mmoja na mama yake. Karani mmoja ataandika Mohamed, mwingine Mohammed, wa tatu Muhammad. Alama za vidole haziwezi kuchanganywa kirahisi, lakini matokeo ya kesi husafiri kwa jina na nambari vilivyoandikwa kwa mkono wa mtu. Herufi moja ikipotea, hukumu ya kumwachilia Mohamed Ali haitalipata jalada la Mohammed Ali. Kwa hiyo nambari ya kitambulisho iandikwe katika hati ya mashtaka na katika uamuzi pia, kila mara mshtakiwa anapokuwa nayo.

Mheshimiwa, sheria zipo. Kifungu cha 35(2) cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kusahihishiwa au kufutiwa habari za uongo au za kupotosha zinazomgusa. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 inaelekeza kwamba mtu asiyewahi kupatikana na hatia, mahakama ikimwachilia, rekodi za alama zake za vidole na picha ziharibiwe au akabidhiwe mwenyewe. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaitambua haki hiyohiyo ya kusahihishiwa, na kanuni zake za 2021 zimeweka siku 14 za kushughulikia ombi. Hakuna sheria ninayoifahamu inayosema kwamba raia ndiye tarishi kati ya mahakama na polisi.

Nakuomba ulitazame jambo hili pia kwa macho ya Juni 2024. Vijana wengi walikamatwa katika maandamano ya kuupinga Mswada wa Fedha, na wengi wakaachiliwa bila kufunguliwa mashtaka yoyote. Sasa wanamaliza vyuo na kuanza kuomba kazi. Wengine watakwenda Huduma Centre kwa mara ya kwanza maishani bila kujua kilichoandikwa juu yao. Ni haki yao kulijua hilo kabla ya mwajiri.

Ninayoyaomba si makubwa. Mahakama zetu sasa hupokea kesi kwa mtandao nchi nzima, na ofisi yako hupokea maombi kwa mtandao. Mifumo hiyo miwili iunganishwe, ili kesi ikimalizika matokeo yaende moja kwa moja kwenye jalada bila kumsubiri mtu wa kuyabeba. Hadi hilo litakapokamilika, ombi la kusahihisha lipokelewe palepale Huduma Centre, bila ada, lipewe nambari ya kulifuatilia, na lijibiwe kwa maandishi katika siku 14. Na cheti kisitaje kesi iliyo mahakamani kabla ofisi yako haijaihakikisha na masjala husika. Uhakikisho huo ufanywe na mwenye simu na wadhifa, yaani ofisi yako, badala ya kuachiwa kijana asiye na nauli.

Kwa wasomaji wenzangu: kesi yako au ya mwanao ikimalizika, usiondoke mahakamani mikono mitupu. Andika nambari ya kesi, omba nakala iliyothibitishwa ya uamuzi, uiweke pamoja na cheti cha kuzaliwa. Rekodi ikiwa na kosa, andika barua ya kutaka isahihishwe na ubaki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa. Usipojibiwa, malalamiko yako yapeleke kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data.

Nawe, Mheshimiwa Mkurugenzi, uwezo wa kulimaliza hili uko mezani pako. Toa agizo majalada ya walioachiliwa yapitiwe, kituo kwa kituo, na kazi hiyo ianze mwaka huu.

Wako mwaminifu,
Mkazi wa Mombasa