Kisu cha kipimo hakiamshi saratani

Katika baadhi ya nyumba zetu hapa Mpanda bado inaaminika kwamba uvimbe wa kinywani usiguswe kwa chuma, kwani ukikatwa utaamka na kuenea mwilini. Kwa itikadi hiyo mgonjwa huzuiwa na nduguze wanaompenda, akabaki na maji ya kusukutua hadi tezi za shingo zikavimba.

Ukweli ni kinyume chake. Kidonda cha kinywani kisichopona kwa wiki mbili hadi tatu, au doa jeupe au jekundu lisiloondoka, hustahiki kupimwa. Daktari hutia ganzi, akakata kinyama kidogo na kukihifadhi katika formalini. Maabara hukigandisha ndani ya nta, kikakatwa vipande vyembamba kuliko unywele na kutazamwa kwa hadubini. Kisu hicho hakiamshi saratani; kinachoipa nafasi ya kuenea ni muda unaopita bila tiba.

Kinyama hicho kina habari nyingi. Ndani ya seli imo protini iitwayo p53, iliyogunduliwa mwaka 1979, ambayo ni mfano wa mlinzi: seli ikiharibika, huizuia isigawanyike. Jeni yake ikiharibika, mara nyingi protini hiyo hurundikana katika kiini cha seli, na rangi ya maabara huidhihirisha. Protini ya Ki-67 huonekana katika seli zinazogawanyika. Zikiwa nyingi, uvimbe unakua kwa kasi. Nayo p16, katika saratani za koo, huashiria kirusi cha HPV, na saratani za namna hiyo kwa kawaida hukubali tiba vizuri zaidi. Ndiyo maana vidonda viwili vinavyofanana kwa macho huweza kuwa na tabia mbalimbali.

Hata hivyo, alama hizo pekee hazimtoshi daktari. Ukubwa wa uvimbe, na kama umefika shingoni, ndivyo vinavyotangulia katika uamuzi wake. Maabara haiwezi kurudisha miezi iliyopotea nyumbani.

Mkoa wetu wa Katavi hulima tumbaku, na ugoro si mgeni kwetu. Tumbaku ya kutafuna na ya kuweka mdomoni husababisha saratani ya kinywa. Hata wenye ada ya tambuu wasijifariji kwamba hawatii tumbaku: mwaka 2003 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliitangaza popoo yenyewe kuwa chanzo cha saratani.

Mwenye kidonda cha namna hiyo na aanze kwa daktari wa kinywa na meno katika hospitali yetu ya rufaa ya mkoa. Akielekezwa Bugando, Muhimbili au Ocean Road, nduguze wachangishane nauli na mmoja wao amsindikize. Kutafuta dawa hakupingani na kutawakali. Mzee akilalamikia kidonda mdomoni, tusianze kubishana juu ya kisu. Tumuulize kwanza: kimeanza lini?